Wazee wa kituo chetu "wanafeli" kuliko wa vituo vingine: kosa ni la nani?

"Shikamoo Daktari. Mimi ni afisa tabibu mkoani Tanga. Tangu mwaka jana nimepewa kazi ya kuratibu kituo chetu katika utafiti wa kuzeeka kwa ubongo na ugonjwa wa kusahau, unaofanyika nchi nne kwa dodoso moja na tableti za aina moja. Matokeo ya awali yanaonyesha karibu nusu ya wazee wetu wameanguka kwenye kipimo cha kumbukumbu, wakati kituo kimoja cha ng'ambo ni kama mmoja kati ya kumi. Kwenye kikao cha mtandaoni profesa mmoja akauliza kama huku kwetu kuna janga. Bosi wangu anasema nitume data zilivyo, nisijitafutie maneno. Halafu kaya nyingi zinazokubali mahojiano zinakataa damu. Mtaani wameanza kutuita mumiani. Je, wazee wetu kweli wana hali mbaya hivyo, au nimeharibu kazi? Na mtu wa ngazi yangu anawaambiaje maprofesa?"

Marahaba. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Sioni dalili kwamba umeharibu kazi, wala siamini kwamba nusu ya wazee wa Tanga wana dimenshia, yaani huo ugonjwa wa kusahau. Kuna utafiti uliofanyika si mbali na kwako, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ambako timu ya Watanzania na Waingereza ilipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita na kuwaona wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Walipomaliza na kurekebisha hesabu kwa umri, waliokuwa na dimenshia walikuwa asilimia 6.4. Hata tukisema wazee wako ni tofauti na wa Hai, toka sita mpaka hamsini ni mbali mno. Ukiona pengo la namna hiyo, shuku kipimo kwanza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na profesa wako, na kidogo na wewe pia. Nyote wawili mnaongea kana kwamba kuanguka mchujo, yaani kipimo cha kwanza cha kutafuta wa kushukiwa, ni kuumwa. Mchujo ni chekeche: hubakiza mbegu na hubakiza mawe. Chukua wazee 100 ambao 6 kati yao wanaumwa kweli. Tuseme kipimo chako ni kizuri kiasi cha kuwakamata 5 kati ya hao 6, ila kinamkosea mzee mzima mmoja kati ya kila watano. Wazima ni 94, kwa hiyo kitawaangusha kama 19. Utakuwa na wazee 24 "walioanguka", na 19 kati yao hawana ugonjwa wowote wa ubongo. Namba hizi nimezitunga kwa mfano tu, lakini ndivyo hesabu inavyokwenda kila mahali ugonjwa ulipo kwa wachache. Sasa ongeza kipimo kilichotungwa kwa watu waliokaa darasani miaka kumi na miwili, ukipeleke kwa bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu, uone ile moja kati ya watano itakuwa ngapi.

Nieleze anavyoangushwa, maana hapa ndipo kazi yako ilipo.

Muulize mzee ni saa ngapi. Atakwambia saa tisa, na ni saa tisa kweli. Mhojaji wako anaandika 9. Tableti iliyopangwa ng'ambo ilikuwa inasubiri 15, inahesabu kosa kimyakimya, na hakuna anayejua mpaka mtu akae afungue jibu moja moja. Muulize leo ni siku gani, Alhamisi baada ya magharibi. Mzee wa pwani atakujibu ni usiku wa Ijumaa, kwa sababu kwake siku inaanza jua likizama, na hesabu yake ni ya kale kuliko hiyo tableti. Muulize mwezi: Rajabu anaijua, Aprili huenda hana haja nayo. Mwambie achore pembe tano mbili zilizoingiliana: penseli yenyewe ni mtihani kabla hajafika kwenye mchoro. Mwambie aitamke "dunia" kwa herufi, kuanzia mwisho kurudi mwanzo: hapo unapima shule, akili hujaigusa bado.

Halafu kuna orodha ya maneno kumi ya kukumbuka. Nyingi zinazozunguka duniani zimetoka kwenye ile ya CERAD, ushirika ulioanzishwa Marekani mwaka 1986 ili hospitali mbalimbali zipime na kuandika ugonjwa wa Alzheimer, dimenshia iliyo ya kawaida kuliko zote, kwa namna moja. Ndani yake kuna siagi, malkia, tiketi. Kwa Kiingereza kila neno lina silabi moja au mbili. Ukiyaleta kwetu yanarefuka, na maneno marefu hukaa vibaya zaidi kichwani kwa yeyote, mzima au mgonjwa. Wenzako watakwambia tafsiri ilikaguliwa, ikarudishwa kwenye Kiingereza na ikalingana. Sawa. Tafsiri ya kurudi inakamata neno lililokosewa. Haikamati neno lililo sahihi lakini geni kwa bibi wa Handeni ambaye malkia kwake ni wa nyuki.

Na kabla ya yote hayo, je, amesikia? Masikio yaliyozibwa na nta na macho yenye mtoto wa jicho yamewaongezea wazee wengi "ugonjwa wa kusahau" kuliko tunavyopenda kukiri. Mnong'oneze nyuma ya sikio, mpe vitu vitatu avitaje kwa kuvitazama, ndipo uanze. Ni dakika mbili.

Sasa kazi yenyewe ya mratibu. Wengi wanaichukulia kama kazi ya kupanga vikao, kukumbusha watu tarehe na kukusanya mafaili. Hayo yapo, na yatakula nusu ya wiki yako. Lakini unalipwa kwa jambo moja: kuhakikisha kwamba alama 7 ya Tanga na alama 7 ya kituo cha ng'ambo ni kitu kilekile. Namba ikishapoteza hilo, hata mkusanye wazee elfu ishirini, mmejaza ghala la pumba.

Kwa hiyo anza nyumbani. Kabla hujalaumu dodoso, panga alama zote kwa jina la mhojaji. Miaka ya nyuma, kwenye kituo nilichokuwa nakisimamia, sehemu kubwa ya "wagonjwa" wetu walitoka kwa kijana mmoja mchapakazi, hodari, aliyekuwa anasoma maneno kumi kwa kasi ya mnadi wa mitumba. Nilipomsikiliza kwenye rekodi hata mimi nilikumbuka manne. Hakuwa na nia mbaya. Tulimfundisha siku mbili na tukasahau kumsikiliza miezi sita. Kwa hiyo sikiliza rekodi, kwa ridhaa ya wazee wenyewe. Mara moja kwa mwezi wahojaji wawili wakae na mzee mmoja, mmoja aulize, wote waandike bila kutazamana, kisha mlinganishe. Angalia pia saa ya mahojiano: wazee waliopimwa saa nane mchana wakiwa hawajala, na waliopimwa uani huku wajukuu wanacheza.

Umri nao unadanganya. Hatari ya dimenshia hurudufu takribani kila miaka mitano baada ya 65, kwa hiyo ukikosea umri wa mzee kwa miaka kumi umemlinganisha na watu ambao si wa rika lake. Vitambulisho vingi vya wazee wetu vimeandikwa tarehe 1 Januari au 1 Julai kwa kukisia. Kaa na wazee wa hapo mtengeneze kalenda ya matukio: vita kuu ya pili, Uhuru wa 1961, Mapinduzi ya Zanzibar 1964, mashamba ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, vita vya Kagera. "Uhuru ulipokuja ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na watoto wangapi?" Utapata mwaka wa kuzaliwa ulio karibu na ukweli kuliko kadi. Lakini kalenda ya Tanga usiwape wa Moshi. Kila mahali pana yake.

Kuhusu dodoso lenyewe, usidhani wewe ndiwe wa kwanza kukwama hapo. Mwaka 1992 watafiti wa Ibadan, Nigeria, na Indianapolis, Marekani, walianza kulinganisha Wayoruba na Wamarekani Weusi. Kipimo walichotumia, CSI-D, kilikuwa kimetengenezwa kwanza kwa Wahindi Wekundu wa Cree huko Manitoba, Kanada, wengi wao wasio na shule. Siri yake ni kwamba nusu ya habari hutoka kwa mzee, nusu kwa ndugu anayeishi naye. Waliotiliwa shaka walifuatwa na daktari, na pamoja nao sampuli ya waliofaulu, kisha madaktari wakakaa kuafikiana utambuzi wa kila mmoja. Mwaka 2001 walichapisha kwamba dimenshia mpya kwa mwaka ilikuwa asilimia 1.35 kwa Wayoruba na 3.24 kwa wenzao wa Indianapolis. Wangebeba kipimo cha darasani peke yake, huenda Ibadan ndiyo ingeonekana ina janga, kama ninyi leo.

Hai nao walikwenda mbali zaidi. Walitunga kipimo kifupi cha maswali sita, IDEA, chenye alama 15, ambacho hakihitaji kalamu: mzee anapanga njiti za kiberiti badala ya kuchora, anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbuka maneno. Walitengeneza pia dodoso la shughuli za kila siku linaloendana na maisha ya kule. Hilo la pili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukimuuliza mkaza mwana, "Baba anaweza kupika? Anaweza kulipa bili?" atasema hapana, na dodoso litasoma ulemavu. Baba hajawahi kupika maisha yake yote, na pesa anashikiwa kwa heshima. Uliza kama bado anaombwa ushauri kwenye shauri la ukoo, kama anajua ng'ombe gani ni wa nani, kama msibani anakaa pale anapopaswa kukaa. Na muulize anayeishi naye. Mtoto aliyeko Dar anayempigia simu Jumapili atakuhakikishia mama ni mzima kabisa.

Sasa mchague njia gani? Mnaweza kubaki na kipimo hichohicho na kumwachia mtakwimu arekebishe kwa miaka ya shule. Ni rahisi na haivunji chochote, lakini hesabu haiwezi kurudisha jibu ambalo mzee hakupewa nafasi ya kulitoa. Ikiwa karibu wote wasiosoma wameanguka, hakuna kilichobaki cha kurekebisha. Mnaweza kuweka kiwango cha kufaulu cha hapo hapo. Hiyo naipenda zaidi, ila mtahitaji kundi la wazee ambao daktari amethibitisha ni wazima, na hilo ni gharama na muda. Au mnaweza kubadili kipimo katikati ya safari, ambako ndiko vijana wengi hukimbilia wakishaona kasoro. Tahadhari: siku mtakayobadili, wazee wa mwaka wa kwanza hawatalinganika tena na wa mwaka wa pili, na utafiti wa kuzeeka ni wa kulinganisha mtu na nafsi yake ya jana.

Ningekuwa mimi, ningebaki na kipimo cha zamani bila kukigusa, nikaongeza kile kifupi cha Hai na mahojiano ya ndugu, wote wafanyiwe vyote viwili kwa muda, ili mpate daraja kati ya alama za huku na za kule. Kisha daktari awaone walioanguka wote na sehemu ya waliofaulu. Hao waliofaulu ndio watakaokwambia chekeche limepitisha wagonjwa wangapi. Mabadiliko hayo yapitie kamati ya maadili kwanza, hata yakiwa madogo.

Bosi wako ana haki nusu. Data ghafi haibadilishwi, na usithubutu kumwongezea mzee alama hata kama unajua alijua jibu. Lakini "kama zilivyo" maana yake ni pamoja na maelezo ya jinsi zilivyopatikana. Tuma alama, tuma na waraka unaoeleza suala la saa, la siku, la masikio. Akikuagiza "urekebishe" namba zilingane na za wenzako, hilo si shauri la ofisini tena. Mwone mwenyekiti wa kamati ya maadili iliyowapa kibali, ana kwa ana, ukiwa na maandishi.

Maprofesa usiwaogope kwa sababu ya ngazi. Wakumbushe ADNI, ule mradi mkubwa wa picha za ubongo ulioanza Marekani mwaka 2004 chini ya Michael Weiner, ukaenea vituo zaidi ya 50 vya Marekani na Kanada. Walikuwa na fedha na mashine za MRI za hospitali kubwa, na bado mashine mbili hazikutoa kipimo kimoja. Wakalazimika kupitisha kwenye mashine tufe la plastiki lenye vitufe vya kimiminika ndani, ukubwa wake unaojulikana, ili waone mashine gani inapotosha na kwa kiasi gani. Hakuna aliyeuliza kama kituo chenye mashine iliyopotoka kina janga. Unaomba hichohicho: kipimo chako kipitishiwe tufe. Omba nafasi kwenye ajenda kwa maandishi, nenda na mchoro wa alama kwa kila mhojaji, rekodi chache zenye tafsiri, na pendekezo moja. Kikao kinachopewa malalamiko huishia kwenye pole. Kinachopewa pendekezo hulazimika kuamua. (Wakati uko hapo, ulizia pia nani ataandika makala na majina ya kituo chako yatakaa wapi. Ulizia mapema.)

Damu. Usicheke neno mumiani wala usimwache mhojaji yeyote acheke. Babu zetu walikuwa na sababu za kuwaogopa wageni wenye gari na sindano, na timu inayofika alfajiri kwa gari jeupe lenye vioo vya giza, ikachukua chupa na kuondoka bila kusema zinakwenda wapi, inajitengenezea jina hilo yenyewe. Acheni gari kwa mwenyekiti wa kitongoji, ingieni kwa miguu mkiwa na mtu anayefahamika. Onyesheni kiasi: mililita kumi ni vijiko viwili vya chai. Semeni damu inakwenda maabara gani, itakaa miaka mingapi, nani ameruhusu; kama inatoka nchini pawepo mkataba wa kusafirisha sampuli na kibali cha taifa, na mwenye kutaka kukiona akione. Ridhaa ya damu iwe karatasi yake, tofauti na ya mahojiano, ili anayekataa sindano asipotee kwenye utafiti. Andika waliokataa ni akina nani kwa umri na jinsia, maana waliokubali peke yao hawatakuwa picha ya kijiji.

Mzee mwenyewe akiwa ameshapungukiwa, ndugu hutoa ridhaa, lakini mzee akiukunja mkono, amekataa. Hapo hakuna rufaa.

Wakiuliza watapata nini, usiahidi dawa. Vipimo vipya vya damu, kama vile vya protini ya tau iitwayo p-tau217, vinasaidia sana kutafuta ugonjwa wa Alzheimer, lakini figo zilizochoka hupandisha namba zake, na wazee wetu wenye presha na kisukari cha muda mrefu wana figo za namna hiyo. Kwa hiyo pimeni na figo, na msimpelekee mtu jibu la tau nyumbani kana kwamba ni hukumu. Mnachoweza kumpa siku hiyohiyo ni presha, sukari, na barua ya rufaa inayofanya kazi. Hilo si jambo dogo: tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilikadiria kwamba takribani asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na presha, kisukari na usikivu yamo.

Na damu ikikaa mezani bila kuzungushwa kwenye mashine na kutenganishwa, amiloidi, protini nyingine ya Alzheimer inayopimwa, hupungua. Umeme ukikatika na jokofu likapanda joto, andika saa na muda. Chupa iliyokosekana inajulikana imekosekana. Iliyoyeyuka ikagandishwa tena kimya kimya itatoa namba, na namba hiyo itaaminiwa.

Kuna mambo usiyangojee kikao. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, hasa akiwa na homa au ameacha kula, anakwenda hospitali leo, utafiti baadaye. Vivyo hivyo aliyeanguka wiki chache zilizopita na sasa anasinzia au kichwa kinamuuma. Aliyenyong'onyea tangu afiwe, anayejibu "sijui" kila swali bila hata kujaribu, mchunguze sonono kabla hujamwita mgonjwa wa kusahau. Tazama mfuko wake wa dawa, hasa za usingizi na za mzio. Tezi ya shingoni (thairoidi), upungufu wa vitamini B12, VVU na kaswende hupimwa, na baadhi ya hao hurudi walivyokuwa. Kwa wanaobaki na shaka, usiwaamue peke yako. Tafuta daktari bingwa wa mishipa ya fahamu au wa afya ya akili, KCMC au Muhimbili, akusaidie hata kwa kliniki moja kwa mwezi. Na mtafute mtakwimu wa kukaa naye meza moja, si wa barua pepe.

Wiki hii fanya mawili tu. Fungua majibu ya swali la saa, uhesabu wangapi waliandikiwa 9 wakakosa. Kisha chagua wazee ishirini walioanguka, safisheni masikio ya wanaohitaji, muwapime upya asubuhi wakiwa wameshakunywa chai, na mhojaji mwingine. Ukipata namba hizo mbili niandikie tena, hata kabla ya kikao.